Kata ya Mardhiya

Saadani, mwanzo wa Mfunguo Nne, 1306

Kwa dada yangu Mwanabaraka binti Mwinshehe, Bagamoyo.

Shikamoo dada. Naitanguliza shikamoo kwa sababu nakujua, usipoiona katika mstari wa kwanza utaikunja barua na kuitia chini ya mkeka. Sisi huku hatujambo, mihogo imekubali, na kuku wamebaki wale aliowaacha paka.

Mwanangu yuko kwako tangu Ramadhani, na kila anayetoka huko ananiambia Mardhiya amenenepa. Sasa nataka kusikia kwako, si kwa wachuuzi. Je, mmekwisha kumpa kata yake ya kuchotea maji? Maana naambiwa siku hizi Chama chenu cha harusi na misiba kinawapa wasichana kata kabla hawajajua hata kukuna nazi. Sisi tulisugua masufuria ya harusi za watu msimu mzima, tukachanja kuni za matanga mpaka viganja vikawa kama magamba ya samaki changu, ndipo Bi Mina, mkubwa wa Chama, akatuita. Usimwonee huruma kwa kuwa ni mtoto wa nduguyo. Msugulishe kwanza.

Tena jingine. Watu wa kina Majaliwa walikuja, wazee wao wamekaa barazani kwangu kwa adabu, na tumekubaliana harusi iwe Mfunguo Saba, Maulidi yakiisha. Kijana ni mpole, anavua na kulima, na mama yake hana mdomo. Nimeanza kumsukia Mardhiya mkeka wa harusi. Ukindu nimeutia rangi nyekundu na nyeusi mwenyewe, na safari hii hata wewe hutauona kasoro.

Barua anakuletea Mwinyimvua. Nakushukuru kwa kuniletea salamu kwa mkono wake, lakini mtu huyu mnamlisha nini huko? Alitua mizigo yake ya chumvi, akala bakuli mbili za wali kwa papa, akanywa maji yangu nusu ya mtungi, halafu akauliza kama ukoko umebaki. Mchimba kaburi wa Chama ana njaa kuliko kaburi lenyewe.

Watu wa huku wamekasirika kwa habari za Wazungu na bendera yao. Vijana wananoa mapanga mchana kweupe. Mimi mambo hayo siyajui, namjua mtoto wangu. Nilijifungua mara nne, na Mungu aliniachia huyu mmoja. Mtunze.

Nduguyo mdogo,
Ashatu binti Mwinshehe


Bagamoyo, siku ya Ashura, 1306

Kwa Ashatu.

Marahaba mdogo wangu. Shikamoo yako nimeiona, na ya magamba ya changu nimeyaona pia. Wewe hukusugua msimu mzima, ulisugua siku chache ukaugua makusudi, nikasugua yako na yangu.

Mardhiya tumempa kata jana. Niliichonga mimi kifuu, na mpini kautia Mwinyimvua. Alikaa katikati ya wanawake wote wa Chama, amejifunga leso mpya, na Chausiku akamwapisha kwa sauti ile yake ya kutisha wezi: nyumba ikiita kwa harusi au kwa msiba utakwenda, hutauliza mwenye nyumba ni mwungwana au mtumwa, utachota maji na kata yako, utapika, utaosha, na utakaloliona ndani hutalitoa nje. Mtoto alijibu yote bila kutetemeka. Ungemwona.

Kisha tukafika kwenye kiapo cha mwisho, na hapo akatuchekesha. Chausiku alimwambia, "Maiti tukiisha kumwosha na ana jamaa wa mbali, habari haiandikwi. Wanakwenda wawili waliomwosha, wanaisema kwa vinywa vyao. Na aliyebeba msiba hanywi maji ya nyumba ile mpaka auseme. Akishausema, mfiwa mwenyewe humpa maji kwa mkono wake, ndipo kilio kinaanza." Mardhiya akauliza, "Na kama kiu inaniua?" Chausiku akamjibu, "Kunywa mtoni." Mardhiya akasema, "Kwani kuandika kuna ubaya gani? Mama yangu na mama mkubwa wanajua kuandika, babu aliwafundisha bure?"

Ikabidi nimweleze habari ya Bi Mina: namna barua ya kifo cha mumewe ilivyomkuta dukani ananunua nguo, akampa karani wa duka amsomee, na karani akaisoma yote kwa sauti moja, kama anasoma bei. Bi Mina akaanguka kati ya wageni. Hakuna aliyemshika, walidhani ana kifafa. Tangu siku ile wanawake wa mtaa wetu wakaapa kwamba mtu wao hataletewa msiba na karatasi. Mardhiya akasema, "Basi mimi nikienda kusema, nitamshika kwanza." Chausiku aligeuka akajifuta macho na akasingizia moshi.

Mkeka wako nausubiri. Manowari imetia nanga mbele ya mji na watu wananong'ona, lakini visima bado vina maji na watu bado wanaoa. Mardhiya anakubusu mikono na anauliza kuku wake mweupe kama anataga.

Dada yako,
Mwanabaraka


Shambani, nyuma ya Kaole, mwisho wa Mfunguo Nne, 1306

Kwa Chausiku, Mapinga.

Shoga yangu, nimesikia uko kwa kaka yako na mguu wako umevimba tangu siku ile ya kukimbia. Mungu akuafu. Mimi niko katika kibanda cha mpunga na wenzetu wachache wa Chama. Mwinyimvua anapita huku na huku na chumvi yake, ndiye anayekuletea barua hii.

Silali, Chausiku. Nikifumba macho naona ukuta. Namwona Mardhiya anatoka kisimani na mtungi kichwani, kata kiunoni, anapeleka maji kwenye msiba wa mzee Bwanausi, maana ndiye mdogo wetu na maji ya kwanza huchotwa na mdogo. Nasikia mzinga wa manowari. Kisha ule ukuta wa nyumba ya mawe unakaa chini kama mtu aliyechoka. Mtungi ulisagika wote. Kata haikupata hata ufa, ninayo hapa, imetundikwa juu yangu.

Tulimwosha mimi na wewe, kwa kata ile ile. Mwinyimvua alimchimbia Kaole, karibu na makaburi ya kale, huku watu wanakimbia kila upande, na alichimba kina kana kwamba hakuna vita. Hayo yote unayajua. Nakuandikia yanayobaki.

Ashatu hajui. Mimi na wewe ndio wawili. Unakumbuka tulivyokwenda Saadani kumwambia msiba wa mama yetu? Alituona tu tumeyasukuma maji, akakaa chini kabla hatujafungua vinywa. Sasa lazima twende tena. Lakini mguu wako hauendi, na kivuko cha Ruvu wamekikalia wenye bunduki, mwanamke akipita wanamrudisha au hawamrudishi. Baharini manowari inasimamisha kila chombo. Anayepita ni Mwinyimvua peke yake kwa sababu anawauzia chumvi.

Yeye nimemwapisha asiseme neno. Si wake kusema. Pona haraka, shoga. Mimi moyo umenivunjika na sina wa kuniokotea vipande.

Mwanabaraka


Nyuma ya Kaole, mwanzo wa Mfunguo Tano, 1306

Kwa Ashatu.

Mdogo wangu, najua umesikia mizinga ilipiga Bagamoyo na roho yako iko juu. Ituze. Tumehamia shambani, sote wa nyumba yangu. Mardhiya hajambo, anakusalimu sana. Anapika mseto kwa kuni mbichi na moshi umemtia macho mekundu, ndiyo maana hakuandika mwenyewe. Njia zikifunguka tutakuja.

Karatasi ni kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Mwanabaraka


Saadani, katikati ya Mfunguo Tano, 1306

Kwa dada yangu Mwanabaraka.

Shikamoo dada. Barua yako imefika, na namshukuru Mungu kwa kila neno. Mseto! Hapa hakuwahi kunipikia mseto usioungua. Mwambie mwenye macho mekundu apakwe maji ya waridi kama yapo.

Mwinyimvua aliingia adhuhuri jua likichoma. Nilimchotea maji kwa kata yangu ya zamani, akasema amefunga. Haya, nilisema, Alhamisi hii, watu wa dini wanafunga. Nikamfungia muhogo wa kuchoma afuturu njiani. Naye aliuacha barazani, mbuzi wa jirani akaula.

Mkeka unakwenda. Nimemaliza ukili wa tatu. Nasuka tangu alfajiri mpaka sioni, vidole vimechubuka, lakini mtu akisuka hafikiri. Watu wa kina Majaliwa wameleta salamu, wanasema vita visivyowahusu haviwazuii kuoa.

Niandikie zaidi, dada. Niandikie anavyokula, anavyolala, anamcheka nani. Neno dogo tu kama la mseto linanitosha siku nyingi. Karatasi ikikosekana, andika nyuma ya hii yangu.

Nduguyo,
Ashatu


Mapinga, mwanzo wa Mfunguo Sita, 1306

Kwa Bi Mwanabaraka.

Mimi Chausiku nasema, na Mwalimu Mwinjuma ndiye anayeandika, na ameanza kwa kuniambia nipunguze maneno wino ni kidogo. Nimemwambia wino ukiisha atumie masizi.

Shoga, Mwinyimvua amepita hapa na amenionyesha uso wake. Nimemuuliza, umemwambia nini Bi Ashatu? Akasema, nimempa barua. Nikamuuliza, barua inasema nini? Akasema, sijui kusoma, lakini aliisoma huku anatabasamu. Mwanabaraka, unamwandikia nini mfiwa hata akatabasamu?

Usinijibu, nimekwisha kujua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako naiona mwisho wake kutoka hapa nilipolala. Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Sisi tumelia, mchimba kaburi amelia, hata majirani wa kaka yangu wamelia, na mwenye mtoto anasuka mkeka wa harusi! Haya si ya Chama. Kiapo tulikiweka ili mtu ashikwe anapoanguka, hatukukiweka ili adanganywe.

Kama njia imefungwa, mwandikie. Vunja kiapo, dhambi yake tugawane. Tulikitunga wakati watu wanakwenda Saadani wanaimba njiani.

Na neno la mwisho, nalisema kwa sababu nakupenda. Njia imefungwa, kweli. Lakini wewe umefurahi imefungwa.

Chausiku, kwa mkono wa Mwinjuma. (Mwalimu anasema na yeye anakupa pole.)


Nyuma ya Kaole, Mfunguo Sita, 1306

Kwa Chausiku.

Umenipiga pale panapouma, na siwezi kukasirika.

Ndiyo, nimefurahi. Kila Mwinyimvua akirudi akasema kivuko bado kimefungwa, napumua. Maana nikifika mlangoni kwa Ashatu, Mardhiya amekufa. Hapa nikiwa na kalamu, anapika mseto. Nilitaka kuandika neno moja la uongo, limtulize mama yake mpaka njia zifunguke. Naye akaniandikia, niongeze. Anataka kujua analala vipi. Ningeandika nini?

Nimejaribu kuandika kweli, shoga. Nilianza, "Ashatu mdogo wangu, pokea." Nikamwona amesimama peke yake uani na karatasi mkononi, kama Bi Mina dukani, na mimi niko huku siwezi kumshika hata kwapa. Nikaitia karatasi motoni. Siwezi. Mtoto mwenyewe aliniambia atamshika mtu kwanza, ndipo aseme. Hilo ndilo neno lake nililobaki nalo.

Chua mguu wako kwa mafuta ya nazi ya moto, asubuhi na jioni. Mimi sina mwingine wa kwenda naye.

Mwanabaraka


Nyuma ya Kaole, siku za Maulidi, 1306

Kwa Ashatu.

Mdogo wangu, umetaka habari, nakupa. Mardhiya anakula vizuri, anakataa bamia kama kawaida yake. Analala upande wa mlango kwa sababu anasema mimi nakoroma. Juzi tulimcheka Mwinjuma, mwalimu, alipoteleza kwenye tope na msahafu ameuinua juu ukapona, yeye akawa udongo mtupu. Mardhiya alicheka mpaka kifumbu cha nazi kikamtoka mikononi, tui lote likaingia majivuni, tukala wali mkavu.

Usiku wa Maulidi aliimba na wanawake. Sauti yake ni ya mama yetu, sijui kama nilipata kukwambia. Kata yake imetundikwa, anaifuta kila Ijumaa.

Anauliza mkeka umefika wapi.

Dada yako,
Mwanabaraka


Saadani, Mfunguo Saba, 1306

Kwa dada yangu Mwanabaraka binti Mwinshehe.

Shikamoo dada. Leo sikuulizi kitu. Leo nakwambia mimi.

Asubuhi wazee wa kina Majaliwa walikuja kuuliza siku. Walikaa barazani na nguo zao nyeupe. Mama wa kijana aliniletea halua aliyoipika mwenyewe, akaniambia, "Mwenzangu, tumtie mtoto wetu hina lini?" Nilisema wasubiri, wakatazamana, wakaondoka na halua imebaki juu ya mkeka mpaka sasa, sisimizi wameijaa. Siwezi kumfanya mama yule atwange hina ya bure. Basi nasema.

Nimejua tangu Mfunguo Tano. Mwinyimvua aliponiletea barua yako ya kwanza baada ya mizinga, nilimpa maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayatazama, akayaweka chini taratibu yasimwagike. Aliniambia amefunga. Mara ya pili akasema tumbo linamsumbua. Mwinyimvua na tumbo! Mtu anayekula ukoko wa watu wengine! Mara ya tatu hakusema kitu, aliyasogeza tu kwa kidole, na midomo yake imepasuka kwa jua. Ulimfunga mdomo asiseme, dada, ukasahau kumwambia anywe.

Nami ni mtoto wa Chama. Nilikwisha kuyaona maji yakisukumwa, ninyi wawili mlipokuja kwa msiba wa mama. Sikujua namna, sikujua siku, wala kama alikuwa na mtu karibu. Nilijua tu.

Utaniuliza kwa nini nikakuandikia uniongezee. Kwa sababu ulikuwa unamlisha. Siku ya barua ya mseto, nilikula mimi pia. Siku ya kifumbu cha nazi, nilicheka jikoni peke yangu, nikamsikia naye anacheka, kile kicheko chake cha kukatika pumzi, halafu nikajiziba mdomo kwa leso. Nilijua unasema uongo, na niliungoja uongo wako kila jioni nikiangalia njia ya chumvi. Usijilaumu sana. Mimi ndiye niliyekuomba.

Nilikwambia nasuka mkeka wa rangi. Ule wa rangi niliufumua usiku wa siku ile ya kwanza. Ninaousuka ni mweupe, hauna hata uzi mwekundu. Umekwisha. Ni wa kukalia matanga.

Lakini sijalia, dada. Ningeliaje? Hakuna aliyeniambia. Majirani wakiuliza, Ashatu, unalia nini, niwajibu kwamba mchukuzi wa chumvi hakunywa maji? Nimemsomea Yasini kimya kimya, nikawataja wasafiri wote ili yeye awemo. Kilio kimenikaa hapa, kifuani, hakipandi hakishuki. Usiku natafuna leso.

Leo nilimwita Mwinyimvua ndani. Nikamchotea maji, nikamwambia, "Kunywa, ndugu yangu. Nimejua. Nakufungua mimi mwenyewe." Alitikisa kichwa. Akasema, "Bi Ashatu, mimi nilichimba tu. Hawajasema waliomwosha." Akatoka akaenda kukaa juani. Nikamtazama mtu mzima yule ameinamisha kichwa kwa kiu, kwa ajili ya mwanangu, na karibu nilie. Karibu tu.

Hivyo alisema, "waliomwosha." Basi aliosheka. Nimelishukuru neno hilo.

Njooni. Kama kuna bunduki njiani, kuna Mungu pia. Nimejaza mtungi. Nimetandika mkeka. Njooni mnishike mniambie, nimpate mwanangu nimlilie.

Nduguyo mdogo,
Ashatu


Mapinga, Mfunguo Saba, 1306

Kwa Bi Mwanabaraka.

Mwinyimvua amenipa maneno yako kwa mdomo: Ashatu amejua, na anatuita. Wino wa Mwalimu umeisha, haya ni masizi kweli. Nimejipima kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mguu unauma lakini ni wangu. Kaka yangu amekataa, nikamwambia mwosha huoshwa, na siku yangu ikifika nani ataniosha ikiwa huyu sikwenda kumsemea? Keshokutwa niko kwako, nimebebwa au nimetambaa.

Tafuta makanda mawili ya chumvi. Wenye bunduki hawamtazami usoni mwanamke aliyebeba kanda la chumvi, wanatazama chumvi.

Chausiku


Winde, mwisho wa Mfunguo Saba, 1306

Kwa Ashatu.

Mdogo wangu, tumevuka. Makanda yalitulinda. Chausiku anachechemea na kuwatukana wote waliobuni vita, lakini hajasimama hata mara moja. Tumelala hapa kwa mzee mmoja, na Mwinyimvua anatangulia na karatasi hii ili usishtuke ukitusikia uani.

Kata yake nimeifunga kiunoni. Nilitaka kukuandikia mengi, lakini mengi yote niliyokuandikia ni uongo, na la kweli ni moja tu, nalo siliweki hapa. Kesho asubuhi nitakushika kwanza, ndipo tutasema.

Ukituona mlangoni, usituchotee maji. Ngoja. Tukishasema, chukua kata ya Mardhiya, na umpe Mwinyimvua kwanza.

Dada yako,
Mwanabaraka